Kilo ya Gunia

Wanjuhi hajui kushinda kimya kimya. Akikufunga bao moja kwa gemu ya mpira, atakuuliza kama golikipa wako ameenda kuchuma majani. Akikufunga la pili, atakuuliza kama hiyo kontrola umeishika ama unaibebea mtu. La tatu haulizi kitu. Anakusogezea tu kiti vizuri na kukwambia, "Kaa buda, pumzika, safari ya nyumbani ni ndefu," na kumbe wewe unakaa hapo tu ng'ambo ya barabara. Wanaume wazima wa Roret, watu wenye mashamba na mabibi, wametoka kwa chumba chake cha gemu wakiapa hawatarudi, na kesho yake saa nne wako hapo tena wakijifanya wamekuja kununua dawa ya kupe.

Hiyo dawa ya kupe ni kisingizio kizuri, kwa sababu chumba cha gemu kimepakana na duka la dawa za mifugo la baba yake, Mzee Nganga. Zamani kilikuwa stoo. Wanjuhi alipomaliza chuo pale Kabianga na kazi ikakataa kumtafuta, aliomba hiyo stoo, akahamisha magunia ya dairy meal, chakula cha ng'ombe, mpaka kona moja, akaweka skrini mbili, benchi tatu na kompyuta moja ya mkono wa pili. Dairy meal haikuhama yote. Mpaka leo ukicheza hapo masaa mawili unatoka ukinuka kama ng'ombe wa gredi, na kila mke wa Roret anajua hiyo harufu inatoka wapi.

Mzee Nganga ana binti wawili. Wa pili ni Wanjiru, miaka tisa, ambaye alizaliwa na masikio yasiyoshika vizuri. Anavaa mashine za kusikia, moja kila upande, na anasoma kwenye unit ya watoto wasiosikia katika shule ya msingi iliyo chini ya soko. Wako kumi na mmoja hapo, na mwalimu wao ni Teacher Caren, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kuita mtu aliye mbali kule Fort Ternan na akasikia. Mashine walipewa na wageni fulani waliokuja, wakapiga picha, wakaenda. Wageni wa namna hiyo huwa hawakumbuki betri. Na betri zenyewe ni vitu vidogo kama kidonge, hazipatikani Roret, na kila wiki ama wiki moja na nusu zinakufa. Betri ikifa, mtoto amebaki na pambo la plastiki kwa sikio.

Sasa, kwa miaka mitatu, hizo betri zilikuwa zinatoka kwa gemu.

Hapo ndipo Gunia inaingia. Gunia ilikuwa tovuti iliyoanzishwa na vijana wawili wa Nairobi. Kila mwezi walijaza "gunia" moja la gemu, saba ama nane, nyingi zimetengenezwa na watu wadogo wadogo wa hapa Afrika, na wewe ulilipa unachotaka. Uzuri wenyewe ulikuwa kwenye slaida. Kabla ya kulipa ulipewa kamstari ka kuburuta kwa kidole: huku kwa waliotengeneza gemu, huku kwa Gunia wenyewe, na huku kwa watu wanaohitaji msaada. Ukitaka yote iende kwa msaada, unaburuta mpaka mwisho, hakuna wa kukuuliza. Na wateja wenyewe ndio walikuwa wanapendekeza nani asaidiwe.

Wanjuhi alipendekeza unit ya Wanjiru. Halafu akaingia kwenye maoni na kufanya kampeni kama anatafuta kiti cha MCA. Kuna jamaa wa Mombasa alisema wapigie kura kasa wa baharini. Wanjuhi akamjibu, "Kasa ana masikio? Basi mlete unit, tutamtafutia betri." Jamaa alicheka mpaka akahamisha kura yake. Unit ikaingia kwa orodha, na kila muhula Teacher Caren alikuwa anapokea katoni.

Nembo ya Gunia ilikuwa gunia lenye macho mawili na tabasamu la mtu aliyeshiba. Wanjuhi aliichora kwa ukuta wa chumba chake na rangi iliyobaki ya kupaka geti.

Halafu ikaja ile barua pepe. Ilianza na "Tuna habari njema!" Mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anajua hapo ndipo unatafuta kiti. Gunia imenunuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Hakuna kitakachobadilika, wakasema. Familia inakua tu, wakasema.

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa macho ya gunia. Nembo mpya ilikuwa mraba wa rangi ya majivu. Wanjuhi aliandika kwenye maoni, "Poleni kwa msiba, marehemu alikuwa anaona vizuri," akapata like elfu moja, na maoni yakafungwa. Mwezi uliofuata slaida ikaanza kukwama. Unaiburuta upande wa msaada, inafika robo, inarudi yenyewe kama mlango wenye springi. Mwezi wa tatu ikafichwa chini ya "Chaguo zaidi", halafu "Mipangilio ya hali ya juu", halafu pahali unaulizwa kama una uhakika. Gemu zenyewe zikawa zile ambazo hata bure ungefikiria mara mbili. Wale vijana wawili wa Nairobi wakaandika "Asanteni kwa safari" na kutoweka. Na asubuhi moja Wanjuhi akafungua akakuta slaida haipo kabisa. Unit haipo. Kulikuwa na picha ya watoto wasiojulikana wakikimbilia kamera, na maneno "Tunashirikiana na wadau wa kimataifa."

Akaingia kwa chat ya huduma. Alipokelewa na roboti inaitwa Furaha, yenye Kiswahili cha kitabu cha darasa la nne.

"Hujambo, mteja mpendwa! Nikusaidieje siku ya leo?"

"Slaida ya msaada imeenda wapi?"

"Pole sana kwa usumbufu! Je, umejaribu kuzima na kuwasha tena?"

"Nizime nini? Msaada?"

"Vyema! Je, tatizo lako limetatuliwa?"

"Furaha, kuna watoto kumi na mmoja hapa watakosa kusikia."

"Tunafurahi kusikia hivyo! Tafadhali tupatie nyota tano."

Wanjuhi alipea nyota moja, kwa hasira, na roboti ikamshukuru.

Alifikiri labda itachukua muda kabla ya unit kuumia. Haikuchukua. Wiki mbili baadaye Wanjiru alirudi kutoka shule na mashine ya sikio moja ikiwa imezima, na Wanjuhi alijua amemwekea betri mpya zote mbili Jumapili.

"Kwani umeifanyia nini?" akamuuliza, kwa mikono na kwa mdomo.

"Betri nimempea Cheptoo," Wanjiru akasema. Cheptoo alikuwa mdogo wao wote pale unit, miaka sita. "Leo ilikuwa zamu yake."

"Zamu ya nini?"

"Ya kusikia."

Ndivyo walivyokuwa wamepanga wenyewe, bila mwalimu. Zile betri chache zilizobaki hai zilikuwa zinazunguka darasani kama mpira. Asubuhi wanasikia hawa, baada ya lunch wanasikia wale. Wanjiru alisimulia akiwa anakula githeri, kama mtu anayeeleza sheria za mchezo wa kati. Teacher Caren alipopigiwa simu alikubali. Katoni imeisha. Mpaka muhula ufungwe kulikuwa na wiki saba, na mpaka wizara ikumbuke, hesabu mwenyewe.

Wanjuhi alifunga chumba mapema siku hiyo. Wateja walidhani kuna mtu amekufa.

Kitu alichofanya ni kumpigia Kepher Ouko. Kepher alikuwa kijana wa Kisumu aliyetengeneza gemu inaitwa Lori Haijafika. Wewe ni dereva wa lori la majani chai, barabara ni matope, mvua inakuja, na majani yanachemka kwa magunia yasipofika kiwandani haraka. Ni gemu ya simu, ndogo, inacheza bila mtandao. Iliwahi kuwa ndani ya Gunia, na Wanjuhi na Kepher walijuana kwenye maoni, kwa matusi ya kirafiki.

"Kepher. Hao watu wamekufanyia nini?"

"Wamenitoa. Wamesema gemu yangu haina mvuto wa kimataifa."

"Wana makosa. Haina mvuto hata wa Roret. Wachumaji wako wamebeba majani kwa kichwa kama mama samaki."

"Si nilichora nikiwa Kisumu! Nilikuwa nawaona wapi?"

"Na bado ni yako? Unaweza uza?"

"Ni yangu kabisa. Barua yao inasema wamenirudishia 'uhuru wangu wa ubunifu'. Hiyo ndio lugha ya kufukuzwa siku hizi."

Wakakubaliana hapo hapo. Wanjuhi auze Lori Haijafika Roret, pamoja na gemu zingine mbili ndogo za Kepher. Watu walipe wanachotaka, Kepher apate sehemu, zingine ziende kwa betri. Gunia la zamani, bila Gunia.

Jioni hiyo Wanjuhi aliandika tangazo kwenye status yake, na kwenye grupu ya wakulima ya WhatsApp ambayo yeye ni admin kwa niaba ya baba yake. Alitumia neno lilelile ambalo watu wa gemu duniani kote wanatumia kwa gemu zilizofungwa pamoja:

"BUNDLE MPYA!!! Lipa unachotaka. HAIEXPIRE. Haihitaji network. Pesa inasaidia watoto wa unit. Njoo chumba cha gemu kesho asubuhi."

Akalala vizuri, msichana wa watu.

Sasa wewe mwenyewe fikiria. Uko Kenya. Umeamka, umefungua simu, umeona "bundle". Umewahi kufikiria gemu? Bundle ni bundle. Ni zile za simu, za internet, zile unanunua za ishirini asubuhi, unaangalia video moja ya mazishi, saa sita unaambiwa zimekwisha. Na hapa binti wa Nganga anasema ziko zingine ambazo hazi-expire. Unalipa unachotaka. Na hazihitaji network!

Saa moja kasorobo foleni ilikuwa imetoka chumba cha gemu, imepita duka la Mzee Nganga, imepinda kwa kinyozi. Mzee Nganga alifikiri ni ugonjwa wa mifugo umeingia, akaanza kupanga chupa za dawa kwa kaunta.

Mbele kabisa alisimama Kogo Rebeccah, nyanya mwenye ekari mbili za majani chai, gumboots, sweta mbili na simu kubwa aliyotumiwa na mwanawe wa Nairobi.

"Chamgei, lakwet," akamsalimia Wanjuhi, kama nyanya anavyosalimia mtoto.

"Chamgei mising, Kogo. Umeamka mapema hivyo?"

"Nimekuja kuchukua pundles." Kwa ulimi wa Kogo, mara nyingi b hugeuka p na g hugeuka k.

"Bundles gani, Kogo?"

"Si zile za kulipa unachotaka? Mimi nataka kulipa shilingi tano." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na unipatie za mwaka mzima, kwa sapapu umesema haziishi kapisa."

Wanjuhi aliangalia foleni. Nyuma ya Kogo alikuwa Jonah, mwenyekiti wa bodaboda, ambaye alikuwa anaelezea wenzake kwamba bundle isiyohitaji network lazima ni ya setilaiti. Nyuma yake kwaya nzima ya kanisa. Simu ya Wanjuhi ilikuwa inalia mfululizo: watu wa mbali walikuwa wametuma pesa tayari, wengine na ujumbe, "Niwekee ya wiki mbili na ya bibi yangu."

Wanjuhi aliweka simu mfukoni. Akapanda juu ya gunia la dairy meal.

"Wazazi wangu. Ndugu zangu. Kuna kosa limetokea, na hilo kosa ni mimi. Hizi bundle sio za internet. Ni za gemu."

Vichwa vikageukiana. Halafu Jonah: "Za nini?"

"Gemu. Za kucheza."

"Nimeamka saa kumi na moja nikapiga foleni ya gemu?"

"Na ungecheza bado ungefungwa tano," Wanjuhi akasema kabla ya kujizuia.

Kelele ikaanza. Kuna aliyesema huu ni wizi wa mtandao, kuna aliyesema vijana wa siku hizi, kuna mama wa kwaya aliyeanza tu kucheka peke yake na hakuweza kuacha. Wanjuhi akapiga kelele juu ya kelele zao kwamba pesa zote atarudisha sasa hivi, moja moja, na akaanza kweli, hapo juu ya gunia.

"Ngoja kwanza," Kogo Rebeccah akasema. Hakuinua sauti, lakini ukiwa umefundisha Sunday school miaka thelathini hauhitaji. "Hao watoto wa unit wameingia wapi hapa?"

Basi Wanjuhi akawaambia. Hakuongeza chumvi. Aliwaambia juu ya katoni za betri, juu ya slaida, juu ya kampuni ya ng'ambo, na mwisho juu ya Cheptoo na zamu. Aliposema "zamu ya kusikia", yule mama wa kwaya aliacha kucheka. Cheptoo alikuwa mjukuu wa dada yake.

Kogo alifikiri kidogo. "Hiyo kitu ilikuwa inaitwa kunia?"

"Gunia. Eeh."

"Na hawa wamenunua kunia."

"Ndio."

"Sasa si ni kilo ya kunia tu!"

Foleni yote ikasema "Aaaah," kwa pamoja, kama kanisani.

Kwa mtu asiyekuza majani, ni hivi. Mkulima anapeleka majani yake kwa buying centre, kile kibanda cha mabati cha kupimia. Karani ananing'iniza gunia kwa mizani, anasoma, halafu anatoa kilo moja. Hiyo ni uzito wa gunia lenyewe, anasema. Na gunia lenyewe ukilishika ni jepesi kama leso. Hakuna mkulima kutoka Roret mpaka Bomet hajawahi kuuliza hilo gunia limeshonwa na chuma ama nini.

"Walinunua kunia," Kogo akaendelea, "wakaanza kukata kilo yao. Kesho wakakata mbili. Sasa umefika na majani yako, wanakuambia yote ilikuwa ni kunia. Hakuna majani."

Wanjuhi alikuwa amesoma miezi mingi ya malalamiko kwenye mtandao, maandishi marefu ya watu wenye digrii, na hakuna aliyekuwa ameyaweka vizuri hivyo.

"Leta hiyo kemu," Kogo akasema. "Mimi nimeamka. Siwezi rudi nyumbani bila kitu."

Wanjuhi akamwekea kwa simu. Foleni ikavunjika na kuwa duara. Lori la Kogo lilitoka, likaenda mita kumi, likaingia mtaroni.

"Hii lori inaendeshwa na mlevi."

"Ni wewe unaendesha, Kogo."

"Mimi? Basi mimi ni mlevi." Akajaribu tena. Safari hii akafika buying centre, magunia yakapanda kwa lori yenyewe, moja mbili tatu, na Kogo akakasirika. "Na karani ako wapi? Majani inapandaje lori bila karani? Huyu mtu hajawahi kuuza majani. Nipikie yeye simu."

Kepher akapigiwa, akawekwa spika. Alikuwa bado kitandani kule Kisumu, na ghafla akajikuta mbele ya mkutano wa hadhara.

"Wewe ndio ulitengeneza hii lori?" Kogo akauliza.

"Ndio, mama."

"Weka karani."

"Sawa, mama."

"Kila kunia akate kilo moja."

"Sawa. Lakini mama, hiyo kilo akishakata inaenda wapi?"

Watu wakaangaliana. Hilo swali lilikuwa halijawahi kuulizwa na mtu anayetaka jibu kweli.

"Iende kwa hao watoto," Kogo akasema. "Sisi tumezoea kukatwa. Leo tutakatwa tukijua."

Ndivyo bundle ya Roret ilivyopata sheria yake. Ulilipa unachotaka, na katika chochote ulicholipa, sehemu ya watoto iliitwa kilo ya gunia. Jonah alibaki kwa foleni. Kwaya ikabaki. Wengine walichukua pesa zao wakaenda, ni sawa, na wawili kati yao walirudi kabla ya lunch. Kuna mzee ambaye mpaka leo anaamini atafunguliwa internet siku moja, lakini amefika stage ya kumi na nne kwa hiyo gemu na hana haraka.

Kepher alikaa siku tatu akichora. Akamuuliza Wanjuhi karani wa huko anakaaje. Mtu mzuri angejibu kwa jumla. Wanjuhi alijibu: kofia ya cowboy, kalamu nyuma ya sikio, tumbo dogo, na kabla ya kusoma mizani anakohoa mara mbili. Huyo si karani kwa jumla. Huyo ni Gekara, karani wa buying centre yao, kutoka tumbo mpaka kikohozi.

Buying centre ni mahali pa kungoja. Unapeleka majani saa nane, lori linakuja saa kumi na mbili, kama linakuja. Zamani watu walikuwa wanangoja wakilalamika. Wiki hiyo walingoja wakiwa wameinamisha vichwa, vidole vikienda, na kila baada ya muda simu ishirini zinakohoa mara mbili na kibanda kizima kinaanguka kicheko. Gekara alivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliweka kitabu chake chini.

"Mnacheka nini?"

Simu zikashuka magotini. Wanjuhi alikuwa hapo, ameleta majani ya baba yake, akajaribu kujificha nyuma ya Jonah. Gekara alichukua simu ya Kogo Rebeccah mkononi mwake, taratibu, akaangalia.

"Hii kofia ni yangu."

"Kofia ni nyingi, karani," Kogo akasema.

"Hii kalamu ni yangu."

"Hata kalamu ni nyingi."

Simu ikakohoa mara mbili. Kilio cha kicheko kikatoka pahali nyuma na kukatwa haraka. Gekara hakucheka. Alikuwa na uwezo wa kusema simu zisionekane tena hapo, na kila mtu alijua bila buying centre hiyo bundle haina soko. Wanjuhi alihisi betri za wiki saba zikimponyoka.

"Inachezwaje?" Gekara akauliza.

Kogo akamwonyesha. Karani alivua kofia, akakaa juu ya ndoo, akacheza. Na alikuwa anajua barabara, huwezi kumnyima. Alipita matope, akapita ng'ombe waliolala barabarani, akafika na magunia manane bila hata jani moja kuchemka. Watu wakaanza kumshangilia. Yule karani mdogo ndani ya simu akatokea, akakohoa, akasoma mizani, akaandika. Gekara akasoma alichoandikiwa. Akasoma tena. Akasimama kutoka kwa ndoo.

"Hapana! Amekata kilo! Kila gunia amekata kilo! Gunia gani hilo lina kilo moja?"

Aliposikia mdomo wake mwenyewe ilikuwa imechelewa. Kibanda kililipuka. Watu walishikana, Jonah alilala chini kwa majani ya watu, yule mama wa kwaya alilazimika kutolewa nje apate hewa. Gekara alisimama katikati na simu mkononi, akajaribu kukaza uso, ukakataa. Akaanza kutikisika kutoka tumbo, mpaka machozi.

"Wanjuhi!" akaita. "Toka huko nyuma, nimekuona. Ni ngapi hii takataka?"

"Unalipa unachotaka, karani."

"Na hiyo kilo?"

"Ni ya masikio ya watoto."

Gekara alilipa. Halafu akaandika kwa chaki kwenye ubao wa kituo, chini ya tarehe na jina la lori: GEMU IPO, ULIZA KARANI. Kufikia mwisho wa wiki hiyo makarani wa vituo vingine walikuwa wanapigia Wanjuhi simu, wakiwa wamekasirika kwa nini kofia sio yao. Wanafunzi wa Kabianga wakaichukua, Litein wakaichukua, na Kepher akaandika kwamba kuna mtu Bomet amemtumia ujumbe akidai matope ya kwao ni mabaya kuliko hayo na anataka yawekwe.

Furaha naye hakukaa kimya. Alituma barua pepe: "Hujambo, mteja mpendwa! Tumekukosa! Rudi leo upate punguzo." Wanjuhi alijibu, "Je, umejaribu kuzima bila kuwasha tena?" Akapokea shukrani.

Katoni ya kwanza ya kilo ya gunia ilifika Alhamisi. Teacher Caren alienda kuichukua Nakuru mwenyewe, na Wanjuhi akafunga chumba ili awe hapo ikifunguliwa. Alisimama dirishani. Watoto kumi na mmoja walipanga mstari, kila mmoja akabandua kile kistika cha betri, akangoja kidogo hewa iingie vile wamefunzwa, akaweka, akafunga kakifuniko. Mmoja mmoja nyuso zikabadilika, kama taa zinavyowaka nyumba kwa nyumba stima zikirudi.

Na kelele, sasa. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya zaidi ya mwezi, kwa wote kusikia kwa wakati mmoja, na walitaka kusikia vyote. Waliburuta madawati. Walipiga vifuniko vya sufuria. Walikuwa wanaitana majina, huyu anaita, yule anaitika, halafu wanabadilishana. Cheptoo alikuwa anafungua na kufunga mlango, akisikiliza bawaba.

"Nyamazeni!" Teacher Caren akasema. Hakuna. Akavuta pumzi, akatoa ile sauti ya Fort Ternan: "NYAMAZENI! Hii ni darasa ama ni soko? Nani aliwaambia..."

Wanjiru alimwangalia mwalimu kwa heshima yote. Akainua mkono wa kulia mpaka sikio, akafungua kakifuniko ka betri kwa ukucha, mashine ikazima. Halafu la kushoto. Walio karibu naye wakaona. Ikaenda mstari wa mbele, ikarudi mstari wa nyuma, na Teacher Caren akajikuta anagombeza watoto kumi na mmoja wasiosikia neno, wote wametulia, wote wanatabasamu.

"Wanjuhi!" akageukia dirisha. "Huyu ni dada yako!"

Wanjuhi alikuwa hoi. Alikuwa ameshikilia vyuma vya dirisha, machozi yakimtoka kwa kicheko.

Wa kwanza kufunga kakifuniko tena alikuwa Cheptoo. Hakuwa anaogopa mwalimu. Alikuwa ameona, kupitia mlango, mtoto wa darasa la sita akiokota chuma na kuielekea rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa kwa mti kuwa kengele, na hakutaka kengele ya break impite.